Kolamu: tuiite kwa jina au kwa namba?

Kuna duka la vitenge Kariakoo ninalolisaidia mahesabu. Jedwali lake la bidhaa lilikuwa na kolamu nne: Bidhaa, Idadi, Bei ya jumla, Bei ya rejareja. Kwenye ankara niliweka VLOOKUP, fomula ya Excel inayotafuta bidhaa kwenye jedwali na kuleta kilichomo kwenye kolamu ya namba unayoitaja, ichukue kolamu ya 4. Siku moja kijana wa stoo akaingiza kolamu ya Rangi kati ya Bidhaa na Idadi, jambo la maana kabisa kwa kazi yake. Kuanzia hapo kolamu ya 4 ikawa bei ya jumla, na kwa siku mbili wateja wa doti moja wakauziwa kwa 14,000 badala ya 18,000. Excel haikutoa onyo, kwa sababu kolamu ya 4 ilikuwepo na ilikuwa na bei ndani yake.

Ndiyo maana nasimama upande wa jina. Unaipa fomula nyingine, MATCH, neno "Bei ya rejareja" pamoja na mstari wa vichwa vya kolamu, inakurudishia namba ya mahali kolamu ilipo leo, na namba hiyo ndiyo unayoipa VLOOKUP. Jina lisipopatikana inatokea alama ya kosa, #N/A, kazi inasimama, mnatafuta kosa kabla mteja hajaondoka. Ila mwishoni mwa MATCH lazima uweke 0. Ukiiacha, inachukulia vichwa vimepangwa kialfabeti na inaweza kukupa kolamu isiyo yake. XLOOKUP, fomula mpya zaidi ya kazi hiyohiyo, inaelekezwa kwenye kolamu yenyewe bila namba, lakini Excel ya 2016 na ya 2019 haina.

Wanaotetea namba nao wana hoja, na si ndogo. Vichwa vyetu havitulii: tawi la Mbagala linaandika "Simu", la Tegeta "Namba ya simu", na wakati mwingine kuna nafasi tupu mwishoni mwa neno ambayo jicho haliioni. Kibaya zaidi, majina mawili yakifanana MATCH inachukua la kwanza bila kusema chochote, hasara ileile ya kimyakimya. Faili lisilo na vichwa, bila shaka, linasomwa kwa namba tu.

Hoja yao ya kasi, kwamba kutafuta jina kwenye kila mstari kunachelewesha faili, hainishawishi. Namba inatafutwa mara moja, inakaa kwenye seli moja, mistari yote inaitumia.

Pale dukani sasa, pembeni ya seli hiyo kuna COUNTIF inayohesabu jina limetokea mara ngapi kwenye vichwa. Ikisoma namba yoyote isiyo 1, ankara haichapishwi.