Usiku Mna Wahudumu Wangapi?

Ni mwaka wa nne sasa nikihudumia wazee katika makao fulani kando ya Barabara ya Kangundo. Jumapili jamaa zao huja na matunda na pakiti za nepi, na swali lao huwa lile lile: shosho anakula vizuri? Anakula. Bado sijasikia mtu akiuliza usiku tuko wangapi.

Usiku niko peke yangu.

Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Wazee ni 14, na 9 kati yao hawawezi kujigeuza kitandani. Mtu wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo damu haipiti vizuri pale anapolalia, na kidonda huanza kisiginoni, kwenye nyonga au juu ya makalio. Kumgeuza mmoja, kumfuta, kumbadilisha nepi na kumwekea mto katikati ya magoti ni dakika 10, tena nikienda mbio. Tisa ni dakika 90. Kabla sijarudi kwa wa kwanza nimebaki na nusu saa, na ndani yake kuna anayetaka msalani, kuna kitabu cha ripoti, kuna guka anayeamka saa nane akitafuta mlango akakamue ng'ombe aliowauza zamani. Nikikaa naye mpaka atulie, kuna shosho amelalia upande mmoja kwa saa 3. Kila usiku ni mimi ninayeamua nani akose.

Kwenye mafunzo tulionyeshwa kumsogeza mgonjwa kwa shuka, watu wawili, mmoja kila upande. Mwenzangu wa zamu aliacha kazi mwaka jana na hakuletwa mwingine. Tangu hapo mgongo haujanipa raha.

Saa 12 mara siku 6 ni saa 72. Kanuni za mishahara hapa Kenya zinamwekea mfanyakazi wa usiku kikomo cha saa 60 kwa wiki. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataka likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, na mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 na zaidi. Mkataba huo sijawahi kuuona. Zile saa 12 za ziada hazilipwi, na ukiuliza unaambiwa hii kazi ni wito.

Neno hilo linaniuma kwa sababu ni la kweli. Mwezi wa nne shosho mmoja alitutoka alfajiri. Alikuwa akiniita mami, na hakukubali uji kwa mkono mwingine. Nilimwosha, nikamfunga kidevu kwa kitambaa, nikamvalisha sweta yake ya kijani. Jioni niliporudi kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine, na mimi nikaanza kugeuza kama kawaida. Pole ilienda kwa familia, nayo ilistahili. Lakini nami nilikuwa nimefiwa. Wito ninao, na mwenye nyumba Kayole anabisha kila tarehe tano.

Simlaumu matroni, siku nyingine yeye mwenyewe hushika zamu, na kuna familia zinazochelewesha malipo miezi mitatu. Ila pesa zikipungua, wa kwanza kupunguzwa ni mtu wa usiku, kwa kuwa usiku hakuna mgeni wa kuona. Leo nikiulizwa nichague nyongeza ya mshahara au mtu wa pili wa zamu, nitamchukua huyo mtu, ingawa vyote viwili ni haki yetu.

Basi Jumapili hii, ukishaweka matunda mezani, uliza usiku mna wahudumu wangapi. Kisha funua blanketi taratibu, uangalie visigino vya mama yako.