Kambi ya barazani: anayekuja na asiyekuja

Mtoto wa darasa la tatu ameketi mkekani, Jumamosi mchana. Mwimbishe "ba, be, bi, bo, bu", atakwenda bila kukwama. Sasa funika zote umwachie "bo" peke yake. Ananyamaza, kisha midomo inaanza kucheza kimyakimya, ba, be, bi, mpaka aifikie. Huko si kusoma, ni kuhesabu. Mwalimu mwenye watoto mia darasani atalionea wapi? Binti aliyemaliza kidato cha nne, mwenye watoto kumi tu barazani, ameligundua siku ya kwanza.

Hapo ndipo watetezi wa kambi za kusoma za mitaani, ambako vijana hujitolea kufundisha watoto kusoma nje ya saa za shule, wanaponishika. Elimu bila malipo ilipoanza Tanzania mwaka 2016, madarasa ya mwanzo yalifurika, na mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015, pamoja na uzuri wake, haukuja na walimu wa ziada. Barazani watoto hupangwa kwa uwezo: wa silabi huku, wa maneno kule, wa aya pale. Kiswahili nacho kinatubeba, maana kinaandikwa kinavyotamkwa. Aliyezishika silabi kabakiza kidogo. Halafu kuna vijiji ambako mtoto huanza shule Kiswahili chenyewe hakijui. Binti wa palepale atamwelekeza kwa lugha ya nyumbani, jambo ambalo mwalimu aliyepangiwa kutoka mkoa mwingine haliwezi.

Wanaopinga husema kujitolea ni jina la heshima la kutolipwa, na kwamba serikali inatuliwa mzigo wake. Ni kweli, ingawa mtoto wa "bo" hawezi kungoja bajeti. Kinachonisumbua zaidi ni swali jingine: nani anakuja?

India walilijibu mapema. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, shirika la Pratham liliwafunza vijana wa vijijini kuendesha kambi za kusoma baada ya saa za shule. Watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliozawadiwa Nobel ya Uchumi mwaka 2019, waliona kwamba waliohudhuria walipiga hatua kubwa. Ila waliohudhuria walikuwa kama asilimia 8 tu ya watoto. Hata miongoni mwa wasiojua kusoma kabisa, wengi hawakutokea. Mwaka 2013 na 2014 Pratham, katika jimbo hilohilo, walizihamishia kambi ndani ya shule, saa za masomo, kwa vipindi vya siku 10 au 20, na matokeo yakawa makubwa kwa watoto wengi zaidi.

Kwa hiyo mimi ningeubeba mkeka na binti wake nikauingize shuleni, saa nne asubuhi, na posho alipwe. Jumamosi ni siku ya maji, ya mifugo, ya kumlea mdogo. Anayepata nafasi ya kuja barazani mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kuna mtu wa kumwambia "nenda". Najua walimu wakuu watakaonuna, kwamba ratiba imejaa. Imejaa nini, kama darasa la tatu hawasomi?

Kambi ninayoisimulia iliishi miezi mitatu. Binti alipata kazi ya kuuza duka mjini, na vitabu vya hadithi vimehifadhiwa kwa balozi wa nyumba kumi, ndani ya ndoo yenye mfuniko.