Digrii Haichapishi Hela

Hivi nani alimwambia baba yangu kwamba digrii inachapisha hela? Maana simu zake hazina salamu ndefu. "Mwanangu, magoti ya mama yako yameanza tena, paa linavuja, bima imeisha. Wewe si umesoma?" Basi, nimesoma, magoti yakawa yangu.

Mshahara wa huyo msomi ungeuona. Kodi ishakatwa, mfuko wa hifadhi ushachukua chake, kisha unakuja mkopo wa chuo: zamani makato yalikuwa asilimia 8, mwaka 2016 sheria ikapandisha mpaka 15. Kinachobaki kinagombaniwa na mwenye nyumba wangu wa Mbagala, anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikijikamua nikatuma elfu hamsini nyumbani, mama anauliza, "Na ya kutolea?"

Kaka yangu aliishia darasa la saba. Mimi nakesha na utafiti wa mwaka wa tatu, yeye kule Njombe anapanda miche ya parachichi. Leo wanunuzi wanamfuata shambani, nyumba kaiezeka bati la msauzi. Mwambie mzee, "Si yupo kaka hapo jirani?" Anashangaa kabisa. "Mwenzio hakusoma, tusimwonee." Akipeleka kilo moja ya sukari, ukoo mzima unapigiwa simu. (Haya, mama akizidiwa usiku, anayempakia kwenye pikipiki mpaka zahanati ni yeye. Shahada yangu haina siti ya nyuma. Lakini tusitoke kwenye mada.)

Halafu kuna ng'ombe. Niende chuo, aliuzwa ng'ombe mmoja. Nilikuwepo, kamba niliishika mwenyewe. Kwenye harusi ya binamu wakawa watatu. Kwenye msiba wa juzi mzee kasimama mbele za watu, kauza zizi zima.

Sasa kaja na mpya. Binti wa kaka, huyo huyo wa parachichi, kachaguliwa kidato cha tano. "Nani wa kumsimamia kama si baba yake mdogo aliyesoma?" Nikaona upenyo: "Mzee, ada ya kidato cha tano na sita si ilifutwa 2022?" Akasema analijua hilo, ndiyo maana hajaniomba ada. Anaomba godoro, tranka, sare, nauli na rimu za karatasi.

Na ya kutolea.