Kitambaa cha kabichi la zambarau kinaijua amonia, gesi ya mkaa hakiijui

Juisi ya choya ikimwagikia shati jeupe, doa huwa jekundu. Lipake sabuni ya kipande uone: papo hapo linageuka samawati iliyofifia, au kijani cha majivu, na mfuaji anadhani ameharibu nguo. Hajaharibu kitu. Rangi ya choya, iitwayo anthosianini, huwa nyekundu penye uchachu na hugeuka ikikutana na magadi, sabuni au alkali yoyote.

Watafiti, wakiwemo wa Misri na Saudi Arabia, wameigeuza tabia hiyo kuwa kengele. Wanatia pamba au sufu rangi ya kabichi la zambarau, lenye anthosianini za jamii hiyo hiyo, wanaishikiza kwa chumvi za madini kama shabu, na kitambaa kinabadilika rangi kikipatwa na amonia, gesi ambayo nayo ni alkali. Hakihitaji betri wala umeme, na asiyejua kusoma anaweza kukitumia.

Anayefuga kuku ataelewa mara moja. Unafungua banda alfajiri, macho yanawasha, koo linakaba: ni amonia inayotoka kwenye maranda yaliyolowa kinyesi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, inashauri mfanyakazi asivute wastani wa zaidi ya sehemu 25 za amonia katika sehemu milioni moja za hewa kwa siku ya kazi. Zikifika 300, uhai wenyewe uko hatarini. Gesi hiyo hiyo hupoza mitambo mingi mikubwa ya barafu na vyumba vya baridi vya samaki.

Wapo wanaosema pua inatosha, kwa kuwa amonia inanuka. Hoja hiyo ina uzito, ila pua huzoea. Mtu aliyeshinda bandani haisikii tena harufu inayomrudisha mgeni mlangoni. Hapo kitambaa kinaishinda pua, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kukitaka.

Lakini kina udhaifu, na ni haki kuusema kwa sauti. Jua linaipausha rangi hii, na kukifua kwa sabuni ni kukivuruga. Gesi ikiondoka, rangi yaweza kurudi ilivyokuwa, kwa hiyo uvujaji wa saa nane usiku huenda usiache alama ya kuonwa asubuhi. Gizani hakisaidii. Na wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, ambazo ndizo rangi tunazowaambia waziangalie.

Linalonitia hofu zaidi ni jina lake. Ukikiita “kitambaa cha kugundua gesi hatari”, mama atakitundika chumbani wanakolala watoto na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na si asidi wala alkali ya kuigeuza anthosianini. Kitambaa kitabaki na wekundu wake huku waliolala wakipoteza fahamu. Bila kitambaa, huenda mama huyo angeliacha jiko nje.

Kwa hiyo naunga mkono utafiti huu, kwa sharti moja: kila kipande kiandikwe wazi kuwa ni cha amonia, na kwamba hakigundui gesi ya mkaa. Kwenye mtambo wa barafu kiwe msaidizi tu wa kifaa cha umeme chenye king’ora, kwa sababu bomba likipasuka hakuna muda wa kutazama ukutani.

Bandani ningekitumia hata kesho. Ningekitundika usawa wa kichwa cha kuku, karibu na maranda yanakotoka amonia, mahali jua lisipofika. Kipande kingine cha jora hilo hilo ningekifungia kwenye chupa ya kioo kabatini, nikilinganishe nacho kila asubuhi. Siku cha bandani kitakapokuwa kimepauka hata baada ya kupata hewa safi, nakitoa na kuweka kipya.