Pasipoti Niliyoiapia Kwamba Imepotea

Mwishoni mwa mwaka 2019, pasipoti za zamani za Tanzania zikiwa zinaelekea kukoma kutumika Januari 2020, niliamua kuomba ile mpya ya kielektroniki kabla foleni hazijafika barabarani. Fomu niliijaza mtandaoni, nikalipia shilingi 20,000 za mwanzo kati ya 150,000 zilizotakiwa, nikapiga na picha zenye mandhari ya bluu bahari. Kilichobaki kilikuwa pasipoti ya zamani, ambayo ilipaswa kurudishwa.

Haikuonekana. Nilipekua kabati, begi la safari, chini ya godoro, hata ndani ya ndoo ya mchele, kwa kuwa mama mkwe wangu ana desturi ya kuhifadhi humo vitu vya thamani. Mke wangu alinitazama weee, kisha akauliza: "Baba watoto, umetazama pale ulipoiweka?" Swali hilo niliona limejaa dharau, sikulijibu.

Nilikwenda polisi kuripoti upotevu, kisha kwa wakili, ambako niliapa kwamba nimeitafuta kwa bidii zote na mahali pote bila mafanikio. Wakili aliniuliza kama nina uhakika, nami nikajibu kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Muda wote huo nilikuwa na bahasha yangu ya kaki kwapani, yenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na hati ya kiapo cha kuzaliwa kwa marehemu baba. Niliilinda kama yai. Kwenye daladala nilikataa hata kumpakata mtoto wa abiria aliyesimama, nikihofia asije akaikunja.

Dirishani, ofisi ya Uhamiaji, nilimkuta binti mwenye adabu, aliyeniamkia kabla ya kupokea karatasi. Alisoma kiapo changu polepole, kidole chake kikasimama kidogo kwenye maneno "mahali pote", kisha akaomba cheti halisi cha kuzaliwa. Kilikuwa kimeng'ang'ania ndani, hivyo niliipindua bahasha na kuigonga kitako kama mtu anayemalizia karanga. Kikatoka cheti ndani ya mfuko wake wa plastiki, na nyuma yake ikadondoka pasipoti, ikafunguka kwenye ukurasa wa picha.

Binti aliitazama picha, akanitazama mimi. "Mzee wangu, ndiyo hii iliyopotea?"

Alinielekeza, bila kucheka, nirudi kwa wakili nikaape upya. Wakili alidai malipo kamili, akaanza kuandika kwamba pasipoti imepatikana, akauliza ilipatikana wapi. Nilimwambia ilikuwa ndani ya bahasha. Akavua miwani.

"Bahasha hii uliyokuja nayo siku ile?"

Nilikiri kuwa ndiyo hiyo hiyo, na kwamba nilipokuwa nikitia saini kile kiapo cha kwanza, kwa kuwa meza yake ina mabonde, ndiyo niliyoitandika chini ya karatasi.