Kabla hamjaamini ile voisi ya mshkaji wangu

Nyie, mshkaji kawatumia voisi eti kwenye kazi ya pank nililia nikajificha chooni. Sikulia. Na sikujificha. Nilikwenda chooni kwa shughuli zangu binafsi, nikakaa humo kidogo. Basi.

Mnajua hapa London napiga muziki kwenye harusi zetu: taarabu bibi harusi akiingia, singeli watu wakishashiba. Sasa jirani yangu, mzee wa Kiingereza mpole kabisa, anatimiza miaka 65, akaniomba nikampigie pank kwenye baa (roki ya kasi na makelele ya miaka ya sabini, sasa najua). Nikaitikia kabla sijauliza pank ndiyo nini. Hela ni hela.

Nikakesha nasoma. Na wallahi nilisoma! Ule ukumbi wa CBGB wa New York walikotokea bendi ya Ramones, herufi zake ni za kantri, blugrasi na bluzi. Pank haimo hata kwenye jina. Humohumo zilipiga bendi za Television, wenye wimbo wa karibu dakika kumi wa magitaa yanayojibizana, na Talking Heads, ambao kufika 1980 walishakolea mapigo ya Fela Kuti wa Nigeria. Bendi ya The Clash ya hapa London ndio usiseme: albamu ya kwanza kabisa, 1977, wamo na rege ya Junior Murvin wa Jamaika. Nikajiambia, kumbe pank ni miaka tu, ndani yake tia chochote. Nikapanga listi kwa elimu hiyo.

Sasa twende polepole.

Baa imejaa wazee. Jaketi za ngozi zimegoma kufunga tumboni, pini za nepi kwenye kola, mabuti. Mbele kabisa kasimama mmoja kanyoa kiduku, mvi tupu, kakipaka kijani. Wote wamekunja magoti, tayari kurukaruka. Nikabonyeza.

The Stranglers. Golden Brown.

Kwa msioijua, ni ya 1982, inaanza na kinanda cha kizamani cha kwenye majumba ya wafalme, tiriri-tiriri, mwendo wa walzi. Mwenye kiduku alikuwa amesharuka. Nilimwona akiwa juu, jamani, uso unabadilika kabla miguu haijagusa chini. Akatua. Bia yake ikatua baada yake, kwenye buti. Kina mama wawili kule nyuma wakashikana viuno wakaanza kuyumba, wengine wote kimya, magoti bado yamekunjwa.

Nikapaniki, nikaweka Blondie, Heart of Glass.

"Disko!" mtu akapiga yowe, utadhani kaibiwa pochi.

Hapo wakageukiana. Huyu anasema Stranglers walikuwa pank tangu 1977, yule anasema bendi yenye mpiga kinanda haihesabiki, wa tatu akawataja The Police, akazomewa na pande zote mbili. Mwenye sherehe anajaribu kuwatuliza, keki mkononi. Mimi nikamgeukia mshkaji nikasema, kwa ile raha ya mtu anayejua haeleweki: "Wazee wenyewe hawajui wanachotaka. Mcheki yule wa kiduku, jogoo kanyeshewa."

Maiki ilikuwa wazi. Ukumbi mzima ukasikia. Haya, si Kiswahili? Nani atajua?

Mwenye kiduku akaweka glasi mezani. Akafuta mdomo kwa kiganja. Akaja mpaka kwenye mashine yangu, akainama, pini zikagonga spika, ting, halafu kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka kuliko changu akasema: "Jogoo amekusikia, mwanangu. Na hao Stranglers walikuwa bendi ya kupiga kwenye mabaa, wakajivika pank ilipoingia fasheni."

Kumbe kafundisha shule Mombasa miaka na miaka. Mshkaji wangu, aliyekuwa karibu yangu, ghafla hakuwepo.

Ndipo nikaenda chooni.

Niliporudi, Jogoo kashika mashine, Ramones wanapiga vile vinyimbo vya dakika mbilimbili, wazee wanaruka, goti la mtu limeshatoa mlio, mimi nikalipwa, nikapewa keki. Akanihadithia jinsi DJ Don Letts alivyokuwa akiwapigia mapank rege kwenye klabu ya Roxy hapa London, 1977, maana sahani za pank zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Sasa rege halali, disko haramu, kivipi? Sikumuuliza. Mdomo ulikuwa umejaa keki, na nilishasema ya kutosha.

Sherehe ijayo ni ya Jogoo mwenyewe. Anataka ska, ule muziki wa Jamaika uliozaa rege. Mwenye listi inayoeleweka anitumie, na mshkaji wangu safari hii abaki kwao.