Si kila diski ikitoka ni kisu
Nimesoma makala moja, mwandishi anasema ati diski ya mgongo (ile mto laini katikati ya mifupa ya uti wa mgongo) ikishatoka mahali pake dawa ni operesheni tu, hapo nakataa. Utafiti wa SPORT huko Marekani, 2006, uliolinganisha kisu na matibabu bila kisu kwa watu wa diski kama hiyo, waliopasuliwa na wenye hawakupasuliwa wote walipata nafuu ndani ya miaka 2, ingawa wengi walihama kundi katikati, waliopangiwa kisu wakakiacha na wengine wakakitafuta, so pia huwezi sema kisu hakina kazi. Ndugu yangu wa boda hapa Kondele mguu ulikuwa unamchoma kutoka matako hadi kisigino, akafanyishwa mazoezi ya fiziotherapi, analala kwa tumbo anajiinua na viwiko, saa hii anabeba abiria. Lakini ukishindwa kuzuia mkojo ama ufe ganzi katikati ya mapaja, kimbia hospitali siku hiyo hiyo, hiyo haingoji mazoezi! Kuna mwenye aliambiwa apasuliwe kabla hata nguvu za miguu zipimwe?